Upau wa Mzee Ghorofa

Mtaani walimwita Mzee Ghorofa, na jina lilimkaa. Miaka thelathini na mmoja aliendesha lifti ya jengo moja la ghorofa tisa, akipandisha watu na kuwashusha bila yeye mwenyewe kufika popote. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja, kama wageni wanaoaga mapema, na bintiye, karani wa hospitali, alikuwa anakimbizana nazo. Kila alasiri akitoka kazini aliteremsha pazia nusu, akaweka kompyuta mezani, mzee akasimulia, yeye akachapa.

Alichokitaka hasa kilikuwa kimoja. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, na habari ya namna wawili hao walivyokutana ilibaki kichwani mwa mzee tu, si kwingine. Lakini mzee huyo bwana, ukimwambia aruke mbele, anakununia. Lazima asimulie kwa mpangilio, mwaka kwa mwaka, kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Walikuwa wamemaliza mwaka wa sita, na mama yake binti alipanda lifti mwaka wa saba.

Mzee alijua wamefika wapi kwa kutazama ule upau wa pembeni mwa skrini, wenye kipande kinachoshuka kadiri maandishi yanavyoshuka. Kwake ile ilikuwa lifti. Habari zilipoongezeka kipande kikawa kinapungua, naye akalieleza hilo vizuri tu: jengo linarefuka, mama, na lifti ukiitazama kwa mbali lazima ionekane ndogo. Binti hakubisha. Kwa mwanga ule wa pazia, vumbi likielea polepole, hata yeye alianza kuona milango ikifunguka kila ukurasa na watu wa zamani wakitoka, kofia mkononi, wakisema ahsante.

Jumatatu programu ya kuandikia ikajisasisha yenyewe, upau ukapotea.

"Lifti iko wapi?" mzee akauliza.

"Ipo, baba. Haionekani tu. Endelea."

"Hatufungui mlango."

"Baba, maneno yote yapo. Ona, nashuka, napanda."

"Taa ya ghorofa haijawaka, mlango haufunguliwi. Nilishaona mtu anaingia kwenye lifti isiyokuwepo. Alikuwa ameshika mfuko wa mikate."

Akafunga mdomo. Na yule akifunga, amefunga.

Binti akazima kompyuta, akaiwasha tena. Akakuza dirisha, akalipunguza. Akakata ukanda wa karatasi, akaubandika pembeni mwa skrini; mzee akautazama, akamwonea huruma. Jumanne mzee alisahau kijiko kinaitwaje. Jumatano akasahau jina la dada yake mwenyewe, wa tumbo moja, na binti akaingia jikoni akalia, kisha akanawa uso. Aliogopa, tuseme ukweli. Mwaka wa saba ulikuwa unaondoka nyumbani hivi hivi, na yeye amekaa anabofya.

Alhamisi akamkamata fundi wa kompyuta wa hospitali kwenye korido. Fundi, mtu wa maneno mengi, akamcheka kwanza.

"Dada, toleo jipya linauficha. Ukigusa kipanya unatokea, ukiacha unajificha, eti skrini ionekane safi. Nani aliwaomba usafi huo? Ingia kwenye mipangilio, uambie ubaki daima. Ukiona bado, angalia rangi."

Alasiri, nyumbani, akauambia ubaki daima. Hola, hakuna kilichotokea. Akaangalia rangi: ulikuwa mweupe juu ya ukurasa mweupe. Hata alipokuwa akigusa kipanya ulikuwa unatokea pale pale, unapanda na kushuka kimya kimya, hakuna aliyeuona. Akaupa rangi ya manjano, akaunenepesha, akamwita baba yake.

Mzee akaja taratibu, akaketi. Akautazama upau kwa muda mrefu. Kidole chake kikatafuta kitufe hewani, mgongo ukanyooka, na uso ukawa wa kijana aliyevaa sare iliyopigwa pasi. Akamgeukia binti.

"Ghorofa ya ngapi, dada?"

Hajawahi kumwita dada. Siku zote kwake alikuwa mama. Alitaka kusema, baba, ni mimi. Akajikaza.

"Ya nne," akasema, akaweka vidole tayari.

"Jana pia ulishuka ya nne. Na juzi. Kule hakuna ofisi, wamehama wote." Mzee akacheka kwa aibu. "Nikajisemea, huyu anapanda kwa ajili ya lifti, au kwa ajili ya mwendeshaji?"

Akasimulia hivyo hivyo, akimsimulia mwenye habari yake: gauni la bluu, kiatu kilichoachia soli, siku aliyoisimamisha lifti makusudi katikati akasingizia umeme, na yule dada akamwonyesha taa inayowaka juu ya kichwa chake, akacheka mpaka akakaa chini. Binti akachapa yote huku machozi yakidondokea vidole. Kumbe mama yake alikuwa mtu wa kucheka. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha mzee akajiweka sawa kitini, akakohoa kidogo.

"Samahani, dada. Baba yako yupo?"

"Yupo."

"Msalimie sana. Mwambie kuna kijana wa lifti anaomba kuja kumwona."

"Nitamwambia," binti akasema, akalichapa na hilo.