Siku Moja Baada ya Kukata

Saa moja asubuhi Raihana alikuwa tayari ndani ya dimbwi, maji yakimfika magotini, akikanyaga matita ya matete ili yazame. Kila alipokanyaga moja, jingine liliibuka upande wa pili, naye akalitukana kwa Kirundi na kulikimbilia.

"Kichwa kigumu kama bwana yangu," alisema. "Bella, leta jiwe ingine, mutoto. Ile kubwa."

Bella akaleta jiwe. Alikuwa amevaa sketi ya bluu, ile aliyoivaa siku ya kupokea diploma, na alikuwa ameikunja hadi juu ya magoti isipate tope. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ile. Kazi aliyoisomea hakuipata. Alichopata ni ukatibu wa kikundi cha wasuka matenga wa mtaa wa Kinama, kazi isiyo na mshahara, aliyopewa kwa sababu ni yeye tu aliyeweza kuandika barua ya Kifaransa bila kuogopa. Mwanzoni alikuja mara mbili kwa juma. Baadaye akawa anakuja kila siku, akajifunza kupasua tete vipande vinne bila kujikata kidole, na kusuka kitako cha tenga, ingawa Raihana bado alikifumua kila mara na kukisuka upya.

Shamba lenyewe lilikuwa ukanda mwembamba kati ya barabara ya vumbi na kijito, hatua kama themanini kwa urefu. Hadi juzi matete yalikuwa yamesimama hapo, yamemzidi mtu mara mbili kwa kimo, yakipiga kelele usiku kucha upepo wa kiangazi ulipovuma. Jana watu kumi na wawili waliingia na mapanga, na kufikia alasiri hapakuwa na hata moja lililosimama. Sasa mtu aliyesimama barabarani aliweza kuona kijito chote, na nguo zilizoanikwa ng'ambo.

Mzee Massoudi alikuwa katikati ya uwazi huo, ameinama. Alikuwa akichota majani makavu kwa mikono miwili na kuyafunika juu ya visiki, shina kwa shina, taratibu, kama mtu anayefunika watoto waliolala. Baba yake, fundi wa matenga wa Buyenzi, ndiye aliyemfundisha. Kisiki cha tete kikiachwa wazi katika jua la Agosti hukauka hadi kwenye mzizi. Kikifunikwa, hurudi.

"Papa Massoudi, wanafika saa tatu," Bella alimwambia. "Pumzika kidogo, uvae shati."

"Shati haitafunika visiki," alijibu bila kuinuka.

Waliokuwa wakingojewa ni wakaguzi wa viwanja. Ofisi ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote ya kandokando ya kijito itaandikwa upya. Anayeizalisha atapewa karatasi yake. Isiyozalisha kitu itarudishwa, na kila mtu Kinama alijua itarudishwa kwa nani: tayari jirani mmoja alikuwa amekuta nguzo za mpaka za mkubwa mmoja, za saruji, katika bustani yake ya mboga za lengalenga. Bella alikuwa ameandika dosari, kama walivyoita faili la maombi, ya kurasa tisa. Ndani yake alieleza kila kitu, tangu kukata hadi kupasua, hadi matenga yanayobeba nyanya na kuku katika masoko ya mji. Aliwaomba wakaguzi waje kutembelea. Neno hilo alilipenda: kutembelea. Aliona akilini watu wa ofisi wakizunguka, wakiuliza maswali, wakishika kazi kwa mikono yao.

Barua ya majibu ilisema watakuja katikati ya Julai. Julai ikaisha, hakuna aliyekuja, kwa sababu gari la ofisi halikuwa na mafuta. Halafu Jumatatu simu ikapigwa: Alhamisi, saa tatu.

Jumatatu hiyo hiyo jioni Massoudi alimwita Bella pembeni. Matete yalikuwa yameiva. Yakicheleweshwa yangetoa maua, na tete lililotoa maua halipasuki sawa. Ilikuwa lazima yakatwe Jumatano. Lakini mzee alikuwa na wazo.

"Tuache mistari miwili pale kwa barabara," alisema. "Ya macho. Watu ya biro, ya ofisi, wanapenda kitu iko imesimama."

Bella alishangaa. Ni Massoudi mwenyewe aliyemfundisha kwamba matete hukatwa yote siku moja, kwamba machache ya zamani yakibaki, funza waliomo huhamia kwenye machipukizi, na mwaka mzima unakwenda na maji. Alikuwa ameyaandika hayo kwenye ukurasa wa nne, kwa fahari kubwa.

"Papa, tumeandika tunakata yote. Wakikuta tumeacha mingine, watasema tunadanganya. Wakikuta tumekata, watauliza, na tutawaelezea. Watu wanaelewa wakielezewa."

Massoudi akacheka, cheko dogo la kupenda. "Sawa, katibu. Weye ndiye ulisoma."

Hawakufika saa tatu. Walifika saa saba kasoro, jua likiwa utosini, kwa pikapu nyeupe iliyozimwa injini tangu kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Alishuka mtu mmoja tu, jina lake Adolphe, mnene kiasi, mwenye ubao wa kuandikia na viatu vyeusi vilivyong'aa. Dereva, Eddy, alibaki garini na mlango wazi.

"Kikundi iko wapi?" Adolphe aliuliza.

"Ni sisi, chef. Karibu sana, mukubwa." Bella alikuwa ameteremsha sketi yake. Nyuma yake wenzake walisimama kwa mstari, na mbele yao matenga kumi na mawili mapya, yaliyosukwa kwa matete ya mwaka jana, yamepangwa kwa ukubwa.

"Na shamba?"

"Ndiyo hii, chef."

Adolphe alitazama upande wa kijito. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Alisimama ukingoni mwa barabara, pale udongo mkavu unapoishia na kuanza ule laini, akaangalia majani makavu yaliyotandazwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mi naona takataka," alisema.

"Apana, chef, yamekatwa. Tulikata jana. Iko kwenye dosari, ukurasa ya ine..."

"Shuka, chef," Massoudi alisema kutoka chini, kati ya visiki. Alikuwa amevaa shati lake jeupe. "Shuka ushike mwenyewe."

"Dosari sikuja nayo," Adolphe alimjibu Bella. "Niko na fomu. Fomu inauliza swali moja: siku ya ukaguzi, ni kitu gani kinaota? Niandike nini? Majani ya kukauka?"

"Andika matete. Chef, nina picha." Bella alitoa simu. "Hii ni ya juma jana. Ona vile yalikuwa marefu. Huyu ni mama Raihana, ona, hata haonekani vizuri."

"Picha? Mi nayo mingi kwa simu yangu. Nikitaka nakuonyesha picha ya Paris."

Eddy alicheka garini. Watu wa kikundi hawakucheka.

"Shuka tu, chef," Massoudi alisema tena. "Hatua mbili. Nitakushika mukono."

"Papa, ngoja kidogo, nimuelezee," Bella alisema, na akaendelea, haraka sasa, akichanganya Kifaransa ndani, kuhusu mizizi inayodumu miaka ishirini, kuhusu tangazo la ofisi ambalo halikusema kwamba zao lazima liwe limesimama, kuhusu nia ya sheria. Alizungumza vizuri. Hata yeye alisikia kwamba alikuwa akizungumza vizuri. Adolphe alimsikiliza akijifuta shingo kwa leso, mara moja au mbili akaitikia kwa kichwa, na Bella akadhani anakubali.

"Mademoiselle," alisema mwishowe, wala hakusema kwa ubaya, "weye una akili. Mi nakuamini. Lakini nikiandika matete, na kesho mukubwa wangu apite hapa akute hivi, nani atafukuzwa? Weye?"

"Basi rudi baada ya majuma matatu. Matatu tu, chef. Yatakuwa yamefika hapa." Alionyesha kwenye goti.

"Eddy!" Adolphe aliita. "Tulikaa siku ngapi kwenye foleni ya esansi?"

"Tatu, chef. Na usiku zake."

"Umesikia. Na hii mafuta tuliyopata ni ya kumaliza Kinama leo, halafu Gihosha, halafu basi. Majuma matatu nitakuja na nini? Na punda?"

"Shuka, chef," Massoudi alisema kwa mara ya tatu. Safari hii hakuipaza sauti.

Adolphe alitazama udongo laini, kisha viatu vyake. "Ninaona vizuri kutoka hapa, mzee," alisema, akaandika.

Aliandika neno moja. Bella alilisoma likiwa kichwa chini: *Néant*. Hakuna. Kisha akageuza ubao na kumpa kalamu.

"Katibu anasaini hapa."

"Naweza kuongeza sentensi moja? Kwamba tulikata jana?"

"Pale kwenye maoni ni ya biro. Ukiandika, fomu imeharibika."

"Na nisiposaini?"

"Naandika kwamba sikukuta mutu. Hiyo ni mbaya zaidi, mademoiselle. Ukisaini, kikundi iko. Mutaitwa, mutapewa siku kumi na tano ya kutoa vitu vyenu."

Bella alitazama nyuma. Watu kumi na mmoja walikuwa wakimtazama mkono. Akasaini. Saini yake ilikuwa nzuri, yenye mviringo chini; alikuwa ameizoeza chuoni, pembezoni mwa madaftari, akiwazia barua atakazotia saini siku moja.

Adolphe alipokuwa akirudi garini alisimama mbele ya matenga. Aliinua moja, akalibonyeza ubavuni, likarudi umbo lake. Akaligeuza na kutazama kitako.

"Kazi safi kabisa hii," alisema, na ilionekana anasema kweli. "Siku hizi kwa soko iko plastiki tu, mwezi moja imepasuka. Bibi yangu anafuga kuku. Munauza?"

Raihana ndiye aliyesogea, mikono kiunoni, miguu bado ina matope yaliyokauka.

"Chukua, chef. Chukua mbili. Lakini unielezee kwanza: hii tenga imetoka wapi?"

"Si kwenu hapa?"

"Hapa ulisema hakuna kitu. Ama ilianguka mbinguni? Bibi yako akiuliza, umuambie imeota kwa fomu."

Eddy alicheka tena, safari hii akaziba mdomo. Adolphe naye akacheka, kidogo, kama mtu aliyekubali kwamba kafungwa bao, akasema, "Huyu mama!" Akachukua mawili. Pikapu ikawaka, ikapanda kuelekea Gihosha, na matenga yakawa yanarukaruka nyuma yake hadi ilipopotea ndani ya vumbi.

Watu walirudi kazini kwa sababu hawakujua la kufanya. Raihana alikaa chini na kushika kisu. Kwa muda mrefu kilisikika tu kile kilio kidogo cha tete linapopasuliwa.

Bella alishuka shambani na viatu vyake mkononi. Massoudi alikuwa ameshavua shati. Alikuwa akichota maji ya dimbwi kwa ndoo, yale ya rangi ya chai yaliyolowekewa matete, na kuyamwaga juu ya visiki, kama walivyofanya kila mwaka. Maji ya kuloweka hayakutupwa. Yalirudi kwenye mizizi.

"Nisamehe, papa," Bella alisema. "Ulisema tuache mistari miwili."

"Mi nilisema kitu mbaya. Weye ulisema kitu ya kweli."

"Ya kweli imetusaidia nini?"

Mzee alimpa ndoo. Bella akainama kumwaga, maji yakasogeza majani, na kisiki kikabaki wazi. Alitaka kuyarudisha kwa mkono, akasita. Akapiga magoti ndani ya sketi ya bluu.

Katikati ya kila tete lililokatwa kulikuwa na ncha ya chipukizi. Nyeupe chini, kijani juu, ndefu kama ukucha, imekunjwa kama karatasi ndogo. Alifunua shina la pili. Akafunua la tatu. Zote zilikuwa nazo.

"Papa Massoudi! Yameanza!"

"Yanaanza usiku ule ule," mzee alisema. "Kila mwaka."

"Ulijua?"

"Mutoto yangu, nina miaka arobaini na tano hapa."

"Na hukusema?"

Massoudi alisimamisha ndoo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Bella angelikumbuka baadaye, kwamba hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nilimuambia ashuke," alisema. "Mara tatu."

Bella alisikia sauti yake mwenyewe: Papa, ngoja kidogo, nimuelezee. Alitazama barabara. Ilikuwa tupu. Kutoka pale aliposimama mkaguzi hadi kisiki cha kwanza palikuwa na hatua mbili, kama mzee alivyosema. Na yeye Bella, aliyesoma, aliyekuwa chini huku tangu asubuhi, hakuinua hata jani moja.

"Tutafanya nini sasa?"

"Jua ni kali," Massoudi alisema. "Funika."

"Wataleta nguzo, papa. Siku kumi na tano."

"Nimesikia. Funika, yasiungue."

Bella akafunika. Alichota majani kwa mikono miwili na kuyaweka juu ya ncha zile, shina kwa shina, taratibu, bila kuyabana, akisogea kwa magoti kutoka kwenye kijito kuelekea barabarani. Raihana alimwona, akaacha kisu chake, akaja kuanza upande wa pili. Kufikia alasiri walikuwa wamemaliza mistari yote, hadi ule wa mwisho kabisa, hatua mbili kutoka kwenye udongo mkavu ambako alama za viatu zilikuwa zimegeuka na kurudi.