Aliyeshindwa na Mlango

Katika jengo lao kule mjini Ruse hakuna aliyejua kwamba Kochi la Nyuma, mwenye ukurasa wa mtandaoni wa kuchambua filamu na tamthilia, ni Zdravka Mineva wa ghorofa ya nne. Waliousoma ukurasa ule walidhani mwenyewe ni kijana wa Sofia, mwenye ndevu, aliyesomea mambo ya filamu. Zdravka alikuwa mjane, muuza viatu katika duka la karibu na soko. Kila jioni, akishakula na kuosha sahani yake moja, alikaa na simu akaandika maoni yake juu ya chochote alichotazama.

Hakuwa na huruma. Tamthilia ya Istanbul iliyowaliza nusu ya wanawake wa mji aliiandikia hivi: "Vipindi mia, na ile chai ya kipindi cha kwanza bado haijaisha." Filamu ya wafalme wa kale: "Mfalme ana meno meupe kuliko ya tangazo la dawa ya meno, na jeshi zima limetoka kinyozi." Ile ya wanaanga: "Wamesafiri mbali kote huko kwenda kugombana mambo ambayo mke na mume wangeyamaliza jikoni." Mara mojamoja alisifu. Filamu moja fupi, ya ndugu wawili wanaouza nyumba ya marehemu mama yao, aliiandikia maneno mawili tu: "Nimelia. Msiniulize." Hesabuni wenyewe, maneno mawili, kisha akazima simu.

Watu walimpenda. Walisema huyu angalau hadanganyi. Na Zdravka aliliamini hilo kuliko wote.

Ghorofa ya tano, juu yake, walikaa Evlogi na mkewe Gergina. Evlogi alikuwa dereva wa trolibasi, yale mabasi ya umeme, hadi alipostaafu, na muda wote huo alikuwa akiigiza katika kikundi cha jumba la utamaduni, leo mfanyabiashara, kesho kasisi mlevi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzito. Kila Jumanne yeye na Gergina walishuka kwa Zdravka kutazama televisheni, kwa kuwa ya kwake ilikuwa kubwa. Waliacha viatu mlangoni, wakavaa ndala za wageni, wakatafuna mbegu za alizeti hadi midomo ikawaka chumvi.

Basi ikaja mjini kampuni ya kutengeneza tamthilia ya polisi, jina lake *Forodha*, mambo ya magendo kwenye daraja la mto Danube, mpakani. Walihitaji mzee wa kufungua mlango na kumjibu mpelelezi. Evlogi akachaguliwa. Maneno yake yote yalikuwa haya: "Hayupo. Aliondoka na begi."

Jumanne kipindi kilipotoka, Gergina alishuka na pai ya jibini ya moto, Evlogi na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa amevaa tai. Alipojiona kwenye kioo cha televisheni, akifungua mlango, akisema yale maneno, akifunga, alishika goti la mkewe asiliachie.

"Mzee Evlogi!" Zdravka aliruka, akambusu mashavu yote mawili. "Umenisisimua mwili! Tazama mkono wangu!"

"Usinidanganye, dada."

"Nikudanganye kwa nini? Mimi na wewe ni wageni?"

Evlogi alikunywa glasi yake, akafuta macho kwa ncha ya tai.

Walipoondoka tu, Zdravka alikaa kuandika. Alianza na mpelelezi, ambaye anavuta sigara kana kwamba amelipwa kwa idadi ya moshi. Ndipo likamjia jambo moja, likamjia lote kwa pamoja, tamu, lenye mdundo wake. Akacheka peke yake, akaliandika: "Na yule mzee! Anasema 'Hayupo' kama anayetangaza kukatika kwa maji. Mlango wenyewe umeigiza vizuri kuliko yeye."

Asingeweza kusema kwamba ndivyo alivyomwona. Alipokuwa akitazama hakuona ubaya wowote. Lakini sentensi ile ilikuwa nzuri mno, kuitupa kungemuuma. Tena, alijiambia, Evlogi hasomi mambo ya mtandaoni.

Asubuhi sentensi ilikuwa imezunguka Ruse nzima. Mtu alikata picha ya Evlogi akiwa mlangoni, akaubandika mlango medali. Sokoni muuza kabichi alimwambia, "Wewe si ndiye yule aliyeshindwa na mlango?" Madereva wenzake wa zamani walipompita kituoni walimpigia honi wakapaza sauti: "Hayupo!" Evlogi alicheka nao. Zdravka aliyaona hayo akiwa dukani, nyuma ya kioo, ameshika kiatu cha mteja. Evlogi alicheka, akapungia mkono, kisha akageuka akarudi alikotoka, hakununua alichokuwa amekifuata.

Jumanne iliyofuata walishuka kama kawaida. Ila Evlogi hakutazama kilichokuwa kinaonyeshwa. Alitoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaiweka mbele ya Zdravka.

"Dada, wewe unazijua filamu. Na vidole vyangu vinene, vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Niandikie huyu Kochi."

"Umwandikie nini mtu kama huyo? Achana naye," Zdravka alisema haraka.

"Nisimwandikie kwa nini? Kanitazama. Miaka yote nimeigiza, watu wanakuja kwa ajili ya keki za mapumziko. Huyu kanitazama mimi." Akakohoa, akakaa wima kama aliye mbele ya ofisa. "Andika. Bwana mheshimiwa. Mimi ndiye yule mzee. Nimejitazama tena, nadhani ulisema kweli. Nilikuwa naogopa nisije nikasahau 'begi'. Sasa wameniita tena, msimu wa pili, nina maneno mengi zaidi. Nakuomba uniambie nilikosea wapi hasa, nijirekebishe. Umeandika 'hasa'?"

"Nimeandika," Zdravka akajibu. Shingo ilikuwa inamwaka. Angeweza kusema palepale.

"Weka na asante. Nisionekane nimekasirika."

Akaweka na asante. Akabonyeza. Na simu yake mwenyewe, iliyokuwa mezani karibu na bakuli la mbegu, ikalia mara moja na kuwaka.

"Na wewe umepata!" Evlogi akacheka. "Jumanne ya barua!"

Zdravka aliifunika simu kwa kitambaa cha meza, lakini Gergina alikuwa amekaa upande uleule, na Gergina alikuwa na macho mazuri. Alimalizia kahawa yake polepole, akatazama ukuta.

Kipindi kilipoisha Evlogi akatangulia kupanda. Gergina alibaki, akijifanya anakusanya sahani yake ya pai.

"Gergina, shoga yangu, nilikuwa..."

"Ulimbusu," Gergina alisema. "Hapa. Mashavu yote mawili. Mimi nimekaa nakuona."

"Ulikuwa mzaha tu. Sikutaja jina."

"Kwani sura yake si jina? Sasa hivi kakwambia asante, na wewe ndiye uliyeiandika kwa mkono wako. Hata aibu hukuona?"

"Nimeona."

"Uliona ukabonyeza." Akachukua sahani. "Sitamwambia. Usidhani nakufichia. Kisichokuwa changu sikibebi. Utamwambia mwenyewe."

Siku zile Zdravka alikuwa akishuka ngazi kwa kunyata kama mwizi, akisikiliza kwanza kama kuna mtu juu. Kochi la Nyuma hakuandika neno. Watu waliuliza kama amekufa. Na ujumbe wa Evlogi ulikaa pale bila jibu, na kila alipoufungua aliiona ile "hasa".

Jumamosi aliikuta harufu ya pilipili za kuchoma kabla hajafika uani. Evlogi alikuwa nyuma ya jengo na gunia la pilipili nyekundu, kichomeo cha umeme kikivuma, waya umeshushwa kutoka dirishani. Gergina hakuwepo. Zdravka akavuta kigoda, akachukua pilipili ya moto, akaanza kuimenya. Ngozi iliyoungua ilimganda vidoleni.

"Mzee Evlogi. Kochi la Nyuma ni mimi."

Evlogi aligeuza pilipili ndani ya kichomeo. Akaitoa, akaweka nyingine. Zdravka akafikiri labda hakusikia kwa ule mvumo.

"Nilikuwa mbaya kweli?" akauliza mwishowe.

"Hapana."

"Sema ukweli. Si ndiyo kazi yako huko, kusema ukweli?"

"Ndio huo ukweli. Hukuwa mbaya. Ulifungua mlango kama mtu anavyofungua mlango. Sentensi ilinijia, nikaipenda, nikaiandika."

Evlogi akamtazama sasa. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomkata Zdravka maini. Alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali.

"Basi umeniumiza mara mbili," akasema. "Ningekuwa mbaya ningejifunza kitu. Nimekesha nikisema 'Hayupo' mbele ya kioo cha bafuni. Nimeisema kwa kila namna. Gergina kachoka kunisikia. Kumbe hapakuwa na cha kurekebisha."

"Nisamehe."

"Hizo pilipili ziache, dada. Unazivunja."

Zdravka akaziacha. Akasimama, mikono myeusi, hajui aifute wapi, akarudi ndani. Njiani alikutana na jirani wa ghorofa ya pili, akamsalimia, yule akajibu kwa furaha kama kawaida, kwa kuwa hakujua lolote. Zdravka akaona hata salamu ile ameiiba.

Jioni aliandika kwenye ukurasa kwa jina lake kamili. Alisema yeye ni nani, na kwamba alimsifu mzee wa *Forodha* uso kwa uso kisha akawachekesha watu kwa kumsema mgongoni, na kwamba hata hakuamini alichokiandika. Walijibu kwa mamia. Wengine walimtukana, akaona anastahili. Waliomuumiza zaidi ni wale waliosema haidhuru, mama, ule wa mlango ulikuwa mzuri, tuletee mwingine. Hakuwajibu. Ukurasa akaufunga.

Jumanne hazikuwa tena na mtu. Pai ya jibini ilinukia ngazini, ikapita mlango wake, ikaenda kwingine. Evlogi alimsalimia walipokutana, kwa adabu, kwa jina lake la ukoo, kama wanavyosalimiana watu wa benki. Dukani mteja mmoja alimtambua, akamwomba amseme kwa mzaha mumewe ambaye amekaa mbele ya kioo anajaribu buti. Zdravka akaenda stoo, akakaa juu ya maboksi hadi walipoondoka.

Majira ya baridi yaliyofuata msimu wa pili ulianza. Evlogi alikuwemo, na safari hii alikuwa na maneno hasa: baba anayeletewa habari za mwanawe. Zdravka alitazama peke yake, taa zimezimwa, kana kwamba mtu angemwona. Juu ya dari alisikia ndala nyingi, viti vikivutwa, kisha kimya, kisha makofi. Jengo zima lilikuwa limealikwa. Alikaa na mikono mapajani.

Siku ya pili yake, akirudi na vitunguu majani vya sokoni, alikutana na Gergina ngazini.

"Ulimwona?" Gergina akauliza, bila kusimama vizuri.

"Nilimwona."

"Enhe?"

Zdravka alijua angeweza kusema amesisimka mwili mzima. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Akalimeza.

"Mwanzoni aliharakisha. Lile la kwanza, la kuuliza nani kasema, lilimponyoka. Lakini alipokaa kitini, akashindwa kuvua kofia... hapo nilisahau kuwa ni yeye. Nilimwonea huruma yule baba."

Gergina akasimama sasa.

"La kofia nitampelekea," akasema. "La kuharakisha mwambie mwenyewe. Yuko chini, gereji."

Akapanda zake. Zdravka akabaki na vitunguu vyake, uso unamchoma, hadi taa ya ngazi ikajizima yenyewe. Alipapasa ukuta akaiwasha tena. Kisha akaweka mfuko chini kando ya mlango wake, akaanza kushuka.