Doa la Bani

Tekla alikuwa na hasira tangu siku ya mazishi. Mumewe Renatus kauawa kwa shoka ndani ya bani, pale wanapokaushia tumbaku, na polisi wamemkamata Festo, mdogo wake Tekla, eti kwa kuwa aligombana na shemeji yake. Kijiji kizima cha Goweko nani hajagombana na shemeji?

Kisha akaja Najiat, mtaalamu wa polisi kutoka mjini Tabora, na glavu zake na brashi yake. Akachungulia bani. Sakafu imesiribwa, inang'aa.

"Nani kasafisha hapa, mama?"

"Mimi," Tekla akasema. "Mimi na kina mama wenzangu."

Ndivyo wanavyofanya kule: msiba ukiingia, boma husafishwa kabla waombolezaji hawajakaa. Lakini aliyewahimiza ni Lugembe, kaka wa marehemu. "Shemeji, watu wasikanyage damu ya ndugu yangu," alisema, akamkabidhi ndoo, mwenyewe akabaki uani analia. Bani hakukanyaga; eti damu ile hawezi kuiona. Basi Tekla akachota maji, akasugua, akasiriba kwa udongo. Leo anaambiwa ushahidi wa kumwokoa mdogo wake kaumwaga yeye mwenyewe chini ya mpapai. Alitamani kujizaba makofi.

"Hakuna kilichogoma kutoka?" Najiat akauliza.

Kilikuwepo. Doa jeusi nyuma ya mlango. Utomvu wa tumbaku hauogopi maji, kwa hiyo Tekla aliliacha. Mlango gani wa bani hauna madoa hayo? Najiat akalimulika, akalipiga picha, akakwangua kidogo pembeni. Kumbe ni alama ya kidole gumba, nzima. Na ndani ya utomvu ule, maabara ikasema baadaye, mna damu ya Renatus.

Wanaume wote wa boma wakachukuliwa alama za vidole. Kidole hakikuwa cha Festo. Kilikuwa cha Lugembe, yule asiyeweza kuona damu, aliyeshindwa kugawana na ndugu yake shamba la baba yao, akala ubwabwa wa msiba na kuomba ukoko.

Walipomtia pingu akamgeukia Tekla. "Shemeji, sisi ni ndugu. Nisemee kwao."

"Ungemuua ukaishia hapo, ningekuita muuaji, basi," Tekla akasema. "Wewe ukanipa na ndoo."

Festo alipoachiwa na kurudi alimkuta dada yake bani na jembe, anaing'oa ile sakafu aliyoisiriba. Tekla hata salamu hakumpa.

"Shika koleo," alisema.