Begi Juu ya Kabati

Binti yangu alilipandisha begi langu juu ya kabati, akaweka sharti. Siku nitakayoinuka sakafuni bila kushika kiti, ukuta wala mtu, nilichukue niende ninakotaka. Kabla ya hapo nitulie. Mimi ambaye sijawahi kumaliza miaka miwili mahali pamoja, na kwake nilishatimiza miezi kumi na tisa.

Ndipo nikajiunga na darasa la yoga, ghorofani juu ya duka la matairi. Mwalimu, mama mmoja aliyenyooka kama rula, alitufundisha kwamba taabu zote za binadamu zinatokana na kung'ang'ania vitu. Tuachilie, alisema. Wanafunzi waliachilia kila kitu isipokuwa nafasi ya chini ya feni. Hiyo waliigombania kwa viwiko.

Mkao wa mwisho ni kulala chali kama maiti. Huo niliuweza siku ya kwanza, maana nimelala sana juu ya magunia ya malori. Nikakoroma. Nilipozinduka, darasa zima limenizunguka, mwalimu anawaambia wasikilize pumzi ya mtu aliyekwisha kuiachilia dunia. Wiki iliyofuata wote walikoroma. Fundi cherehani, jirani yangu wa mkeka, aliniuliza kwa adabu kama inatakiwa itokee puani au kooni.

Kichwa kikavimba kwa sifa, magoti yakabaki yaleyale. Kila kipindi kikiisha, fundi alininyanyua kwa makwapa.

Siku ya mtihani wa sharti lile, binti alisimama mlangoni mwa darasa na begi. Nikajaribu kuinuka, nikarudi chini. Nikajaribu tena, chini. Mwalimu akamshika bega.

"Mwanangu, mzee hainuki kwa sababu hana haja tena. Keshaachilia. Hilo begi mpe mwenye safari."

"Basi nitampa shemeji yangu," binti akasema, akageuka.

Sijui miguu ilipitia wapi. Nilijikuta wima, mikono hewani, mkeka umenigandia mgongoni.

"Baba, umeshika kitu?"

"Bado," nikasema, nikaudaka mkanda wa begi. "Sasa ndiyo nimeshika."

Mwalimu akaniuliza nilikuwa nawaza nini wakati nainuka. Nikamwambia: begi. Akaandika kwenye daftari lake.

Juzi fundi alinipigia simu, nikiwa mbali. Anasema siku hizi kila mwanafunzi anakuja na begi, na ugomvi umehama kwenye feni, uko kwenye misumari ya kuyatundikia.