Jino la Fundi Cherehani

Ukitaka kumuudhi mpishi, huna haja ya kumtukana. Sukuma sahani yake mbele useme umeshiba, ilhali umekula vijiko viwili. Fundi cherehani alimfanyia mkewe hivyo siku nenda siku rudi, na mkewe hakuwa mpishi wa kubahatisha. Alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, na mameneja na wapakia mizigo walipanga foleni moja kwa ajili ya maharage yake.

"Yana ladha ya misumari," fundi alisema.

"Misumari?"

"Kama nimelamba msumari. Hata chai. Hata maji, mama watoto."

"Kiwanda kizima kinaramba sahani, wewe peke yako unaonja misumari! Basi ubovu uko mdomoni mwako, si kwenye sufuria yangu."

Alisema kwa hasira, kisha akashtukia maneno yake mwenyewe. Huenda alikuwa amesema kweli, naye alijua.

Mambo yalianzia kwenye uzi. Fundi alikuwa na mkasi mzuri, lakini uzi aliukata kwa meno. Mkasi uko mbali, meno yako karibu, ndivyo alivyojitetea, mpaka jino la juu, lile linaloonekana mtu akicheka, likapasuka. Harusi ya binti yao ilikuwa imekaribia. Mpishi akaapa kwamba wakwe hawataona kigae kinywani mwa mumewe, wataona dhahabu. Fundi hakubisha. "Chagua wewe," alisema. "Mimi nikicheka sijioni."

Siku ya kuvalishwa hilo jino, fundi akiwa kitini, ufizi umeshachomwa sindano ya ganzi, daktari wa meno alitoka akamfuata mpishi kwenye benchi.

"Mama, jino lake la chini lilizibwa zamani kwa madini ya rangi ya fedha. Nikiweka dhahabu kwenye hili la juu, yatagusana kila akifunga mdomo. Madini mawili tofauti, na mate katikati, yanaweza kutoa umeme kidogo. Wengine hawasikii kitu, wengine wanateseka. Mimi ningeweka jino jeupe. Hebu muulize mzee."

Mpishi hakumuuliza mtu. "Weka dhahabu," alisema. "Ameshakubali."

Kwenye picha za harusi fundi alicheka mpaka dhahabu ikang'aa, na mpishi akaona hakukosea. Kisha ladha ya misumari ikaanza. Siku moja fundi alikuwa amebana pini midomoni, amepiga magoti anapima pindo la suruali ya mteja, pini moja ikagusa lile jino. Aliruka, akazitema zote juu ya viatu vya mteja. Mpishi alikwenda kukisimulia kisa hicho kantini, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na yeye alicheka, Mungu amsamehe.

Kwa nini hakusema mapema? Mwanzoni alidhani itapita. Halafu akaudhika kwa ajili ya maharage yake. Halafu siri ikawa nzee, kila siku ikizidi kutia aibu kuliko jana, naye akaona heri anyamaze. Fundi akakonda. Alibana suruali zake mwenyewe kiunoni, baadaye akazibana tena. Akaanza na mazoea mapya: kila asubuhi anamsindikiza mkewe hadi getini na kusimama pale mpaka apotee kwenye kona. Mpishi alidhani anaomba radhi kwa habari ya chakula. Akajikuta anavimba kichwa.

Binti yao akashika mimba. Siku moja ya mapumziko, mpishi aliingia kwenye chumba cha cherehani kutafuta kitambaa cha kushonea aproni. Akafungua kabati. Ndani kulikuwa na nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri: vishati vya kufunga kamba vya mtoto mchanga, kaptura za mpira kiunoni, gauni, shati la mtoto wa kukimbiakimbia, na chini kabisa shati jeupe la shule, pindo lake pana limekunjwa ndani, la kuachiwa mtoto akirefuka.

"Wewe mzee, una wazimu? Mtoto hajazaliwa, unamshonea shati la shule?"

Fundi, aliyekuwa akishona, hakuinua kichwa. "Nisiposhona sasa nitashona lini?"

"Una maana gani?"

"Kaka yangu alianza hivihivi. Kinywa kikaharibika ladha, ulimi ukawaka moto, akakonda, tukamzika. Sikutaka kukutia hofu. Nikaona bora udhani nimechoka na mapishi yako."

Mpishi aliketi kwenye benchi la wateja. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini aliyeficha hapa alikuwa yeye, na maradhi hayakuwa yake.

"Si ugonjwa wa kaka yako," alisema. "Ni jino. Daktari aliniambia kabla hajaliweka. Akaniambia nikuulize. Sikukuuliza."

Fundi alilizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na nilipokuwa nikikuambia misumari?"

"Nilijua, baba. Nisamehe."

Fundi alichukua mkasi, akakata uzi uliobaki sindanoni. "Kila asubuhi pale getini," fundi alisema hatimaye, "nilikuwa nakuaga."

Walikwenda pamoja kwa yule daktari wa meno. Daktari aliupima ulimi, akapima na kinywa chote, hakuona ugonjwa mwingine. Akatoa dhahabu, akaweka jino jeupe. Haikuchukua muda fundi akaonja maharage, akatafuna, akafikiri.

"Chumvi imezidi," alisema.

Ilikuwa imezidi kweli. Mpishi alicheka, kisha akalia, fundi akamsogezea kikombe cha maji na kuendelea kula.

Mpishi aliomba jambo moja tu, zile nguo zifumuliwe. Fundi alikataa. "Kitambaa kina kosa gani?"

Mtoto alipozaliwa akavishwa kishati cha kamba, na wageni wakamsifu babu kwa kuona mbali. "Fundi hukata mapema," fundi aliwajibu, wala hakumtazama mkewe. Hajawahi kumsimanga hata siku moja. Angemsimanga, pengine mpishi angepata nafuu.

Mjukuu sasa ameanza shule. Huletwa kwa babu na bibi asubuhi na lile shati jeupe liko wazi kifuani, hukimbilia jikoni kwa bibi. Bibi huinama akamfunga vifungo, kimoja kimoja. Babu husimama mlangoni akiwa na mkasi mkononi, anawasubiri awasindikize hadi getini, na bibi hana ujasiri wa kuinua macho.