Jiwe la Katikati

"Mama, usiguse hilo jiwe," Panuili aliniambia kwa mara ya tatu. "Nimesema tutafungua kesho."

"Jana pia ulisema kesho. Na juzi."

"Kulungu wa kaskazini hawakupita mwaka huu, unajua. Mke wangu anajifungua kabla ya barafu. Hiyo diploma uliyoisomea mijini kusini ndiyo itakayomlisha?"

"Ndiyo iliyokulisha wewe mpaka ukapata nguvu ya kunibishia. Sogea."

Hakusogea.

Ukuta wetu wa mawe unakatiza mto chini ya maporomoko. Mwezi wa nane samaki wa tumbo jekundu hutoka baharini kurudi ziwani, maana mto huganda mpaka chini na ziwa peke yake hubaki na maji ya kukaa. Tunaziba, tunawachoma kwa mikuki, tunajaza mashimo ya akiba. Kisha jiwe la katikati hutolewa kabla mtu hajalala, ili samaki waliobaki wafike ziwani. Kila siku. Mwanangu alikuwa ameliacha limeziba siku tatu.

Maji yalikuwa haba, tena vuguvugu. Samaki walisongamana ukutani, migongo nje. Wengine walishageuza matumbo juu.

"Tazama walivyo wengi," alisema. "Hawa watakwisha lini?"

"Baba yako naye aliuliza hivyo."

Tangu tumzike baba yake, hatumtaji ovyo.

Basi nikamwambia. Kabla yeye hajazaliwa, baba yake aliuacha ukuta umefungwa siku tano. Mwaka ule tulishiba. Miaka minne iliyofuata mto ulileta maji matupu. Dada yake, Siasi, hakufa kwa ugonjwa wa kifua. Alikufa kwa sababu maziwa yangu yalikauka.

"Mlisema kifua."

"Baba yako aliniomba niseme kifua."

Aligeuka kutazama kaburi la Siasi, rundo dogo la mawe pale kilimani, analolipita tangu utotoni. Kisha akatazama shimo la mwisho, bado tupu.

"Na hili?"

"Tutatega nyavu ziwani, chini ya barafu. Tutakula kidogo. Mkeo atakula kwanza."

Sikungoja jibu. Niliingia mpaka mapajani, nikalikumbatia jiwe. Halikutikisika. Nikasikia maji yakichuruzika kando yangu, na mikono yake ikashika upande wa pili.

"Inua kwa miguu, mama. Huo mgongo wako nitaubeba mimi?"

Tukalitoa. Samaki wakapita wakitugonga miguu, na hatukuchukua hata mmoja.