Maziwa ya Baraka

Mbaabu alifika kutoka Embu na koti lake zuri, akamtaka dada yake Karambu atoke chumbani ili wanaume wabarikiwe. Atoke! Yeye aliyemgeuza baba yao kitandani tangu mvua zianze, akamwosha, akafua mashuka hadi vidole vikachubuka, leo anafukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni.

Kwa desturi yao, mzee akikaribia kufa, huwatemea wanawe wa kiume maziwa kifuani, na hakuna mwana anayetaka kuikosa baraka hiyo. Lakini Mzee Mithika hakuweza tena kumeza. Muuguzi alikuwa ameonya kwamba asinyweshwe kitu, alowanishwe midomo tu kwa kitambaa, la sivyo angepaliwa. Karambu alimweleza Mbaabu hayo, akarudia polepole kama anayemfundisha mtoto kusoma. Mbaabu akajibu kuwa mambo ya boma si ya binti aliyeolewa kwingine.

Karambu akaenda kuanua shuka, akidhani hata hivyo maneno yamemwingia. Wapi! Aliporudi, alimsikia baba yake akikohoa kwa sauti ya kukabwa.

Walikuwa wamemmiminia maziwa kinywani ili awatemee. Maziwa yalimtoka mzee puani na mdomoni, yakaruka hadi shatini kwa Mbaabu. Naye Mbaabu, badala ya kumwinua baba yake, alifumba macho akasema, "Amina."

Hasira zilimpanda Karambu. Alimsukuma Mbaabu kando, akamlaza mzee kwa ubavu, akamsafisha kinywa kwa kidole na kumpigapiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi, nyembamba na yenye maji. Alipogeuka, alimkuta kitinda mimba wao, Elphas, amepiga magoti, vifungo vya shati wazi, kikombe mkononi.

"Mbaabu ameshapata," Elphas akasema. "Mimi nitakosaje?"

Karambu alimnyang'anya kikombe, akammwagia kifuani maziwa yote yaliyobaki.

"Haya, umebarikiwa. Sasa tokeni, nyinyi wote wawili."

"Hiyo ni laana, Karambu. Utaijibu," Mbaabu akasema.

"Nitaijibu. Toka."

Walitoka wakinung'unika. Alifunga mlango kwa komeo, akapanda kitandani na kumwegemeza baba yake kifuani pake ili apumue vizuri. Mzee alikohoa mara moja, taratibu, mate meupe ya maziwa yakammwagikia Karambu kifuani.

Akayapangusa kwa kitambaa, kama kila siku, akaendelea kuwatukana ndugu zake kimoyomoyo.